Upande wa Mdomo: Kueleza kwa Kiswahili Ubadilishaji wa Sili ya Oili Nyumbani, kwa Mtazamo wa Mwambao wa Kabonga, Burundi

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna mwenye gari anavyoweza kubadilisha nyumbani sili ya mbele ya krenki inayovuja oili, na papo hapo yanachunguza lugha inayohitajika ili maelezo hayo yafuatwe bila kuharibu injini. Mahali palipochukuliwa kama kielelezo ni Kabonga, kwenye mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika, ambako Kirundi, Kifaransa na Kiswahili hukutana juu ya kifaa kimoja. Hoja inayotetewa ni kwamba maelezo ya ufundi kwa Kiswahili hayakwamishwi hasa na uhaba wa majina ya vifaa. Hukwamishwa na kutotajwa waziwazi kwa mambo mawili: upande ambao mdomo wa sili unapaswa kuelekea, na sababu iliyoifanya sili ya kwanza ivuje.

1. Utangulizi

Kabonga iko katika eneo la Nyanza-Lac, kusini mwa Rumonge, ukingoni mwa ziwa na karibu na mpaka wa Tanzania. Barabara ya mwambao itokayo Bujumbura hupitia Rumonge hadi Nyanza-Lac, mwendo wa zaidi ya kilomita 100, na gari linaloharibika huku halifiki kwa urahisi kwenye gereji kubwa za mji mkuu wa biashara. Kwa hiyo kazi nyingi hufanyika uani, chini ya mwembe, kwa jeki moja na spana za kuazima. Doa jeusi linaloonekana mchangani asubuhi, pale gari lilipolala, ndilo mwanzo wa kazi inayojadiliwa hapa.

Kiswahili si mgeni kwenye ukingo huu. Misafara na majahazi ya karne ya 19 yaliyokuwa na kituo chake Ujiji yalikieneza kaskazini mwa ziwa, na Rumonge imebaki kuwa mojawapo ya miji ya Burundi ambayo Kiswahili husikika sokoni na bandarini kila siku. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na baada ya hapo lugha hiyo ikaingia pia katika shule za msingi. Mafunzo rasmi ya ufundi, hata hivyo, yameendelea kutolewa kwa Kifaransa, ilhali Kirundi ndiyo lugha ya nyumbani. Matokeo yake ni kwamba watu wawili wanaoinama juu ya injini moja wanaweza kuwa na majina mawili ya kifaa kilekile, mmoja akiwa ameyapata Bujumbura na mwingine Kigoma.

2. Mafuta, oili na mawese

Kabla ya kufika kwenye sili, neno la kwanza lenye utata ni lile linalodhaniwa kuwa jepesi kuliko yote. Mtu akisema Rumonge kwamba "mafuta yanavuja", msikilizaji ana haki ya kuuliza mafuta gani. Mji huo umezungukwa na mashamba ya michikichi, na mafuta ya kwanza yanayokuja akilini ni mawese. Kwa dereva, mafuta ni petroli au dizeli. Kwa fundi, neno hilo linaweza kujumuisha mafuta ya breki, ya giaboksi na ya usukani. Tofauti hizi si za kupamba kamusi: petroli inayovuja juu ya injini yenye moto ni hatari ya papo hapo, mafuta ya breki yanayovuja ni gari lisilosimama, na oili ya injini inayovuja ni hasara inayokuja polepole mpaka siku injini inapokauka.

Wahariri wengi wa vitabu hubadilisha "oili" kuwa "mafuta ya kulainishia" kwa nia njema ya kusafisha lugha. Katika mazingira ya Rumonge na Kabonga, usafi huo huondoa taarifa. Neno la mkopo limekaa kwa sababu lina kazi ambayo neno la asili, likiwa na mzigo mkubwa wa maana, haliwezi kuifanya peke yake. Makala haya yanatumia "oili" kwa oili ya injini tu.

3. Sili ni kitu gani

Krenki ni mhimili uliopindwapindwa unaozungushwa na pistoni. Lazima ncha zake zitoke nje ya injini: ya mbele ili ishike puli inayozungusha mikanda, ya nyuma ili ipeleke nguvu kwenye giaboksi. Mahali ambapo chuma kinachozunguka kinapita katika ukuta usiozunguka, hapo pana mwanya, na oili iliyomo ndani hutafuta njia ya kutoka. Sili ndiyo inayouziba mwanya huo. Ni pete yenye kiunzi cha chuma kilichovishwa mpira. Ukingo wa nje hubana ukutani na hauzunguki. Ukingo wa ndani ni mdomo mwembamba wa mpira unaougusa mhimili, na nyuma ya mdomo huo kuna springi nyembamba iliyofungwa duara, inayoukaza usiachane na chuma.

Mvuvi wa mwambao mwenye injini ya boti anaielewa kazi hii pengine kuliko mwenye gari. Anajua kwamba oili ya gia za mashine ikigeuka rangi ya maziwa, maji yameingia, na mara nyingi ni kwa sababu sili ya mhimili wa pangaboi imechoka. Kwenye boti adui yuko nje akitaka kuingia. Kwenye gari aliye ndani anataka kutoka. Kifaa ni cha jamii moja, na mwalimu wa ufundi anayeanza na boti Kabonga atakuwa ameanza na kile ambacho wanafunzi wake wamekwisha kukiona.

Majina ya kifaa hiki katika lugha nyingine yanastahili kutajwa kwa sababu yanaondoa hofu fulani. Kwa Kifaransa cha gereji huitwa joint spi, ambapo herufi tatu za mwisho ni ufupisho wa jina la kampuni, Société de Perfectionnement Industriel. Kwa Kijerumani huitwa Simmerring, kutokana na Walther Simmer, mhandisi aliyehusishwa na kampuni ya Freudenberg. Lugha mbili zenye historia ndefu ya uhandisi hazikusubiri istilahi yenye kueleza umbo la kifaa. Zilichukua jina lililokuwapo dukani na kazi ikaendelea. Kiswahili kinachosema "sili" au "oili sili" hakijatenda kosa lolote ambalo wengine hawakulitenda.

Kosa halisi liko kwingine, katika tafsiri za neno kwa neno, ziwe za mtu au za mashine. Humo sili huwa "muhuri wa mafuta". Mwananchi wa Nyanza-Lac anaujua muhuri: ni ule unaogongwa kwenye karatasi katika ofisi ya tarafa. Springi ya sili huwa "chemchemi", na msomaji anaachwa atafute maji ndani ya injini. Tafsiri ya namna hii hainyimi maarifa tu. Inampa msomaji uhakika wa uongo kwamba amesoma maelezo. Akifika penye agizo la kuelekeza "chemchemi ndani", hana namna ya kujua kwamba hilo ndilo agizo muhimu kuliko yote katika ukurasa mzima.

4. Kabla ya kugusa spana

Oili hushuka, na upepo wa mwendo huitawanya. Gari linaloonekana kuvuja chini mbele linaweza kuwa linavuja juu, kwenye gasketi ya tapeti kava, na oili ikateremka ukutani hadi kwenye puli na kuisingizia sili. Anayebadilisha sili kwa sababu tu ameona oili karibu nayo anacheza bahati nasibu. Njia ya uhakika haina gharama: injini ioshwe na kukaushwa, eneo linaloshukiwa lipakwe poda nyembamba ya mtoto au vumbi la chaki, kisha injini iwashwe kwa dakika chache bila gari kwenda. Poda itakayolowa kwanza ndiyo itakayosema. Sili ya mbele iliyokufa huacha pia alama yake maalumu, mstari wa oili uliorushwa kwa mduara nyuma ya puli, kwa kuwa puli huizungusha na kuitupa pande zote.

Oili ikionekana pale injini inapoungana na giaboksi, huenda ni sili ya nyuma. Hiyo hudai giaboksi ishushwe, na si kazi ya uani kwa mtu mmoja mwenye jeki moja.

Swali la pili ndilo linaloachwa mara nyingi zaidi, na maelezo mengi ya Kiswahili hayaligusi kabisa: kwa nini sili imevuja? Umri ni jibu mojawapo. Mpira uliopikwa na joto kwa miaka hukakamaa na kupasuka. Lakini injini pia hupumua. Kila pistoni inaposukumwa na mlipuko, gesi kidogo hupenya kandokando ya ringi zake na kushuka kwenye chumba cha krenki. Gesi hiyo ina njia yake ya kutokea, vali ndogo na mpira unaoirudisha kwenye njia ya hewa ili iunguzwe. Vali hiyo ikizibwa na masizi, shinikizo hupanda ndani ya injini na kusukuma oili kupitia sehemu dhaifu zaidi, ambayo kwa kawaida ni sili. Katika hali hiyo sili mpya itavuja kama ya zamani, na mwenye gari atasema amelaghaiwa na muuza vipuri. Kuikagua ni rahisi: vali ichomolewe na kutikiswa, na ile nzima katika magari mengi hulia kwa ndani. Isipolia, isafishwe au ibadilishwe kwanza. Ikiwa vali ni nzima na bado moshi unapuliza kwa nguvu kwenye tundu la kujazia oili, ringi za pistoni zimekwisha, na hakuna sili itakayotibu hilo.

5. Kazi yenyewe

Mfano unaofaa ni Toyota Probox yenye injini ya 1NZ-FE ya lita 1.5, aina iliyoenea mno katika barabara za Afrika Mashariki. Injini hiyo imelala kukingama, taimingi yake ni ya mnyororo, na sili ya mbele iko kwenye kava ya mnyororo nyuma ya puli ya krenki, upande wa kulia wa gari. Faida yake ni kwamba mnyororo hauguswi. Katika injini za zamani zenye mkanda wa taimingi, kava na mkanda lazima vitolewe kwanza ndipo sili ionekane, na mkanda uliokwisha kulowa oili haurudishwi, hata ukionekana mzima, kwa kuwa oili hudhoofisha mpira wake.

Injini iwe baridi na waya hasi wa betri uondolewe. Gurudumu la mbele la kulia hutolewa, na hapa pana jambo linalohusu mwambao moja kwa moja: ardhi ya Kabonga ni mchanga, na jeki huzama. Ubao mpana na mgumu uwekwe chini yake, magurudumu ya nyuma yazuiwe kwa mawe, na uzito wa gari ukae juu ya stendi au gogo imara. Jeki ni ya kunyanyulia, si ya kushikilia. Hakuna hatua nyingine katika kazi hii inayoweza kumuua mtu, na kwa sababu hiyo haifai kutajwa kwa nusu sentensi kama inavyozoeleka.

Mkanda wa nje hulegezwa na kutolewa, kisha hufuata bolti ya katikati ya puli. Imekazwa kwa nguvu nyingi, na ndiyo inayowashinda wengi. Puli inapaswa kushikwa isizunguke, kwa kishikio maalumu au kwa chuma bapa kilichofungwa kwenye matundu yake, huku bolti ikifunguliwa kwa mpini mrefu. Wapo mafundi wanaoegemeza mpini huo kwenye fremu na kuigusa selfu ili injini yenyewe ifungue. Hufanikiwa, mpaka siku mpini unaporuka. Mtu wa nyumbani asijaribu. Puli ikitoka, kipande kidogo cha chuma kinachoifunga kwenye mhimili, kile ambacho mafundi wengi huita kii, kisipotee mchangani.

Sasa sili inaonekana. Kuitoa kunadai subira kuliko nguvu. Mdomo wake hukatwa kwa kisu, ncha ya bisibisi iliyozungushiwa kitambaa huingizwa, na sili hubetuliwa kidogo kidogo kuizunguka. Bisibisi isiegemee krenki. Mkwaruzo mmoja kwenye chuma king'aacho, pale mdomo unapogusa, ni njia mpya ya oili ambayo hakuna mpira utakaoiziba. Krenki ikaguliwe kwa ukucha: ukucha ukikwama katika mfuo uliochimbwa na sili ya zamani, sili mpya inaweza kuwekwa kina tofauti kidogo, ikiwa nafasi ipo, ili mdomo ukae penye chuma kizima. Mfuo mkubwa huhitaji bushi nyembamba ya kuvishwa juu ya mhimili.

Sili mpya hununuliwa kwa namba, na namba hizo ni lugha isiyohitaji tafsiri. Zikiandikwa 35-48-8, kwa mfano, maana yake ni milimita 35 za tundu la ndani, 48 za upana wa nje na 8 za unene. Mwenye gari anayeyajua haya anaweza kununua Bujumbura kwa Kifaransa au Kigoma kwa Kiswahili bila kubishana juu ya jina. Hata hivyo vipimo si vyote. Kuna mpira wa nitrili, unaovumilia joto la takriban nyuzi 100, na kuna mpira wa florokaboni unaovumilia karibu nyuzi 200. Sili mbili zenye namba sawa huweza kuwa na maisha tofauti kabisa.

Kisha ufungaji. Mdomo wenye springi huelekea ndani, kwenye oili. Upande bapa, wenye maandishi, huelekea nje, kwa mtazamaji. Sababu yake ni hii: shinikizo la oili likiingia nyuma ya mdomo husaidiana na springi kuukandamiza kwenye mhimili, sili ikigeuzwa, shinikizo lilelile huufungua mdomo. Sili iliyogeuzwa hukaa vizuri machoni, huingia kwa nyundo kama nyingine, na haimsuti fundi mpaka gari limekwenda. Mwenye gari atakayegundua kosa hilo njiani kati ya Nyanza-Lac na Rumonge, taa nyekundu ya oili ikiwaka, huenda ameshachelewa, kwa kuwa beringi za krenki haziishi bila oili.

Mdomo upakwe oili safi kabla ya kuvishwa, kwani sili kavu huungua katika mizunguko ya kwanza. Isukumwe kwa usawa pande zote, kwa kutumia soketi kubwa au kipande cha bomba chenye upana unaokaribia ule wa nje wa sili, kikigongwa taratibu hadi uso wake uwe sawa na uso wa kava. Kuigonga upande mmoja huipinda. Puli nayo ikaguliwe na kusafishwa pale inapoingia ndani ya sili, maana katika injini hii mdomo hukaa juu ya shingo ya puli. Mfuo uliotajwa hapo juu hutafutwa huko pia. Bolti hukazwa kwa kipimo cha kitabu cha injini, kwa spana ya kupimia mkazo, na si kwa hisia za mkono.

6. Oili iliyobaki

Kazi ya sili ya mbele haihitaji oili yote imwagwe, kwa kuwa krenki iko juu ya usawa wa oili iliyotulia kwenye sampu. Yanayotoka ni matone. Lakini injini ya kuoshwa, matambara na oili iliyotangulia kumwagika vina uzito wake katika Kabonga, ambako ua unaishia ziwani. Ziwa Tanganyika lina kina cha takriban mita 1,470, na maji yake hutoka kwa kiasi kidogo kupitia mto Lukuga, sehemu kubwa ikipotea kwa mvuke. Kinachoingia humo hukaa. Burundi, Tanzania, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia zilitia saini mkataba wa usimamizi endelevu wa ziwa hilo Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika ina makao yake Bujumbura. Mkataba huo haujulikani kwa mtu anayeosha injini ufukweni, na hautajulikana iwapo katazo husika litabaki katika lugha ya mikataba. Maelezo ya kazi ya uani ndiyo mahali pake: injini ioshwe mbali na maji, juu ya beseni au turubai, na oili chafu itiwe katika dumu lenye kifuniko.

7. Yanayohitajika katika vitabu vya mafunzo

Washauri wa sera katika Jumuiya wamezoea kuuliza ni istilahi ngapi za ufundi zinazokosekana, na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki yenye makao Zanzibar hutarajiwa kuzijaza. Mfano huu unaonyesha kwamba karibu kila neno lililohitajika lilikuwapo tayari kinywani mwa mafundi: sili, springi, puli, bolti, krenki, gasketi, mdomo. Ambacho hakikuwapo ni sentensi zinazoanza na "kwa sababu". Orodha ya istilahi isiyo na sentensi hizo itamfikia mwanafunzi wa Rumonge ikiwa kamili na isiyo na msaada.

Kwa mwambao wa Burundi, pendekezo la vitendo ni dogo. Kitabu cha mafunzo kitumie jina la gerejini, na pembeni yake kiweke jina la Kifaransa ambalo mwanafunzi atalikuta dukani Bujumbura, pamoja na mchoro wa sili iliyokatwa katikati. Chini ya mchoro huo yaandikwe maneno sita, kwa herufi kubwa, yanayoweza pia kubandikwa kwenye kaunta ya muuza vipuri: MDOMO WENYE SPRINGI UELEKEE KWENYE OILI.